Vigae vya Kimaka na Sindano za Mbale

Nilikohoa miezi mitano juu ya mapaa ya watu, na kila aliyenisikia alinishauri ninywe maziwa. Sisi mafundi wa vigae wote tulikuwa tunakohoa. Ukikwangua kigae kilichoota kuvu ya kijani miaka kumi, vumbi lake linakuingia puani, kooni, hadi kwenye mihogo uliyobeba ya mchana, na kwetu dawa ya vumbi ilikuwa maziwa ya moto, basi. Nilikunywa mpaka yule mama aliyekuwa akiniuzia kule Bugembe akaanza kuniita ndama. Kumbe kifua kikuu kilikuwa kimeshaingia, kimekaa, na kinanywa maziwa pamoja nami.

Naandika haya nikiwa mzima, na mwenye kiburi kidogo, kama mke wangu atakavyokuambia. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa jana au juzi kwamba una ugonjwa huo, na hasa kama kazi yako ni ya mikono na miguu. Habari za vijidudu waulize waliosoma. Mimi nitakueleza jinsi ilivyokuwa, pamoja na upumbavu wangu mmoja ambao sitaki uurudie.

Mimi ni Mbukusu wa upande wa Kenya. Nilifika Jinja nikiwa bado sijaota ndevu, nikachukuliwa na fundi mmoja wa Kikalasinga aliyenifundisha kazi ya mapaa ya vigae. Wahindi walipofukuzwa, mwalimu wangu aliondoka na sanduku moja, akaniachia brashi zake, nyundo ndogo na ngazi. Nyumba zile nzuri za Jinja zikabaki na vigae vyake, na wakubwa wa jeshi wakahamia ndani. Hawakujua kwamba kigae si bati. Bati unaweza kulitembelea utakavyo. Kigae hukanyagwa chini, karibu na ukingo wake, pale kinapolala juu ya mwenzake; ukikanyaga katikati kimekwisha, na wewe pengine umekwisha nacho. Huwezi kukipiga brashi kikiwa kimelowa, wala kabla umande wa asubuhi haujakauka. Unaanza juu na kushuka, mifereji unaisafisha mwisho, na chini yako hapiti mtu.

Hayo yote mwalimu wangu alinifundisha. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukufundishwa, tulilijua tu. Fundi wa paa hasemi kwamba ana kizunguzungu. Neno hilo halikutamkwa kazini. Ukiona dunia inageuka unasema, "Jua kali leo," unashuka polepole, unakunywa maji, na wenzako wanaelewa bila kuuliza. Atakayelitamka hatapandishwa tena, hata na rafiki yake. Niliwahi kumwona mzee mmoja akilitamka kwa bahati mbaya, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kuchanganya saruji chini.

Basi, mwili wangu ulianza kupungua. Mshipi niliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Jioni nilitoa jasho shati likalowa, na asubuhi nilipanda paa kama kawaida kwa sababu miguu yangu ilikuwa bado imara. Miguu ndiyo iliyonidanganya. Nilikuwa nikijiambia kwamba mtu anayetembea kwenye mgongo wa paa bila kushika kitu hawezi kuwa mgonjwa.

Siku moja nilikohoa nikatema damu juu ya kigae. Damu juu ya kigae chekundu haionekani sana, nikaifuta kwa brashi nikaendelea na kazi. Lakini shati halikuwa jekundu. Mke wangu, Nambozo, alipolifua jioni alikuja nalo mkononi, likiwa bado linachuruzika maji.

"Baba Nekesa, hii ni nini?"

"Vumbi la vigae. Koo limechubuka."

"Vumbi haitoi mtu damu. Kesho tunaenda kwetu Mbale."

Nikamwambia nina paa la kumaliza. Akaniambia paa litanizika. Asubuhi nikakuta amefunga nguo zangu kwenye shuka. Jinja dawa zilikuwa za kubahatisha wakati ule, leo ziko, kesho wanakwambia rudi wiki ijayo. Mbale, Nambozo alikuwa na kaka yake anayeishi Namatala, na alisikia kwamba hospitali ya kule bado inapata sindano. Binti yetu Nekesa, aliyekuwa na miaka mitatu, tulikwenda naye kumwacha kwa bibi yake.

Njiani tulisimamishwa mara nne. Kwenye kizuizi cha tatu askari alitaka nishuke nifungue mzigo. Nikashuka, nikashikwa na kikohozi cha kukunja mgongo, na nilipoinua uso askari alikuwa ameshafika upande wa pili wa barabara. "Enda! Enda na ugonjwa yako!" Abiria wote wakacheka isipokuwa Nambozo. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ilikuwa mara ya kwanza kikohozi kile kunifaa kwa jambo lolote.

Hospitali ya Mbale nilisubiri siku tatu kwenye benchi. Watu waliokuwa wakienda kununua uji waliacha ndala zao zikishika nafasi, na hakuna aliyezisogeza. Ndala iliheshimiwa kama mtu. Tulitemea kwenye vikopo, tukapigwa picha ya kifua, tukasubiri tena. Siku ya tatu niliitwa, na mganga akaniambia kwa upole kwamba nitalala wadi, nitachomwa sindano kila siku, na vidonge nitameza zaidi ya mwaka. Nilimuuliza swali moja tu: nitapanda paa lini? Akafikiri namtania.

Wadi yetu ilikuwa na vitanda kumi na nane na madirisha yasiyofungwa, mvua au baridi. Mbele yetu ulisimama mlima Wanale na maporomoko yake. Nilianza kuhesabu siku kwa sindano. Sindano ya kumi, jasho la jioni likakoma. Ya ishirini, nikaanza kuona njaa, njaa ya kweli, ya kuota nyama. Ya thelathini, mvua za mwezi wa nne zikawa zimeshika, na uzito wangu ukapanda hata muuguzi akapiga makofi. Wote tulimwita Sista. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, na kila asubuhi aliuliza kila mgonjwa maswali yaleyale matatu: umelala? umekula? una kizunguzungu?

"Nimelala, Sista. Nimekula. Hapana."

Chakula changu kilipikwa na mama mkwe. Kwetu Wabukusu, kama kwa Wagisu, watu wa mke wangu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali mahali pamoja, hata njiani mmoja anapisha. Kwa hiyo alikuwa akifika mlangoni mwa wadi akiwa amegeuza uso, anaweka kikapu chini, anakohoa kidogo kuniarifu, anaondoka. Wenzangu wa vitanda vya jirani walinihurumia wakidhani ananiogopa kwa ajili ya ugonjwa. Ndugu zao wengine walikuwa wameacha kuja kabisa. Mimi nilijua kwamba yule mama angefanya hivyo hata ningekuwa na afya ya ng'ombe dume, na nilifurahi. Katika jengo lile lote yeye peke yake ndiye aliyenitendea kama alivyonitendea siku zote. Kikapuni kulikuwa na matoke, kunde, na kila Jumapili yai. Nilimpenda sana, na mpaka leo sijawahi kumwambia, kwa sababu hairuhusiwi.

Kwenye sindano ya arobaini na kitu, Wanale ulianza kuruka.

Sijui niiseme vipi. Nikiwa nimekaa, mlima ulitulia. Nikitembea, kila hatua niliyopiga mlima ulipanda na kushuka, na watu waliokuja mbele yangu walitikisika hata nisitambue uso wa mtu mpaka nisimame. Jioni, kukiwa na giza kwenye njia ya kwenda bafuni, miguu ilikuwa haijui iko wapi. Nilipapasa ukuta. Miguu yangu, iliyotembea kwenye mgongo wa mapaa ya Jinja nzima!

Na Sista aliendelea kuuliza kila asubuhi. Una kizunguzungu? Na mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nililala kwenye kitanda cha hospitali nikamjibu kama nilivyowajibu mafundi wenzangu miaka yote. Hapana, Sista. Siku nyingine nikaongeza, "Ila jua ni kali leo." Akaangalia nje, mvua ilikuwa inanyesha, akaniangalia mimi, akaenda kitanda kinachofuata.

Nilificha hivyo karibu wiki nne. Huo ndio upumbavu niliokuahidi. Niliona kwamba nikilitamka neno lile, kazi yangu imekwisha, na nisipolitamka bado mimi ni fundi.

Sindano ya sabini nilianguka bafuni. Nilifumba macho kunawa sabuni usoni, na hapohapo sakafu ikaja. Nilipasuka nyusi. Sista alinikuta nimekaa kwenye maji, nashikilia ndoo kana kwamba itanisaidia.

"Sema kweli, mzee. Tangu lini?"

"Sista," nikasema, "nina kizunguzungu." Na nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya mwanamke, nikiwa uchi, na sijali nani anasoma haya.

Mganga alikuja jioni ileile. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema sindano hizo huponya kifua lakini huweza kudhuru sehemu iliyo ndani ya sikio inayomfanya mtu asimame wima, na ndiyo sababu tunaulizwa kila siku. Ningesema mapema, wangebadilisha mapema. Sasa sindano zitasimamishwa, nitaendelea kwa vidonge, navyo vitakuwa vingi na vya muda mrefu. Nikamuuliza kama nguvu hiyo ya kusimama itarudi. Akasema baadhi itarudi, baadhi huenda isirudi. Kisha akaongeza jambo ambalo nataka ulishike: nisije nikathubutu kuacha vidonge kwa hasira. Kwamba mtu anaweza kuishi akiyumba, lakini hawezi kuishi bila mapafu. Nilivimeza vyote, mpaka cha mwisho, vingine vikubwa kama vifungo vya koti.

Nambozo aliposikia alimaliza kwanza kunipaka dawa kwenye nyusi.

"Basi, paa limekwisha. Tutauza mboga Namatala. Kaka yangu atatupa pa kuanzia."

"Mimi siuzi mboga."

"Utauza. Ukipanda tena, mimi narudi kwa mama yangu na mtoto. Sikuleta wewe hapa upone halafu ukavunjike shingo kwa nyumba ya mtu."

Alikuwa na haki, na nilimchukia siku ile kwa sababu alikuwa na haki. Miezi yote ile nilikuwa simshiki Nekesa. Walikuwa wakimleta chini ya dirisha Jumapili, anasimama kwenye majani, ananiita baba kwa mashaka. Nilikuwa najiuliza nitamrudia nikiwa nani.

Nilitoka wadi wakati wa kuchuma kahawa mlimani, nikakaa Namatala kwa shemeji. Kila asubuhi nilipanga matofali mstari mmoja uani nikatembea juu yake. Mwanzoni niliweza matatu. Watoto wa jirani walikuja kunitazama wakidhani ni mchezo, wakanishinda wote. Nikajifunza mambo. Nikikaza macho kwenye kitu kimoja kilicho karibu, natulia. Nikigeuza kichwa haraka, nimekwisha. Nikiangalia juu angani, nimekwisha zaidi. Nikiwa nimekaa au nimepiga magoti, mikono inashika kitu, mimi ni mzima kama wewe. Kufikia kiangazi cha Januari nilitembea matofali ishirini, na tukarudi Jinja kwa makubaliano ya Nambozo kwamba nitatafuta kazi ya chini.

Hatujamaliza wiki mbili, gari la jeshi likasimama mlangoni. Meja mmoja wa kambi ya Kimaka alikuwa amehamia nyumba ya vigae, na askari wake walikuwa wamepanda kusafisha kwa majembe na mabuti. Wakavivunja. Tukapelekwa kwake, mimi na Nambozo, naye akanitazama pale kwenye njia ya kuingizia gari, mkono kiunoni.

"Wewe ndiyo ile fundi ya vigae? Nyumba yangu inavuja kama kikapu. Mvua iko karibu. Nataka paa safi, vigae mpya, kwa siku moja."

Wakati ule meja hakukataliwa. Watu walikuwa wameondoka nyumbani kwao kwa kisa kidogo kuliko paa, wasirudi. Nambozo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Na ndipo nikagundua kwamba sikuwa naogopa jinsi nilivyotarajia. Mtu aliyekwisha kukalia maji ya bafuni akilia hana aibu nyingi iliyobaki ya kupoteza.

"Afande," nikasema, "mimi nilikuwa mgonjwa. Nina kizunguzungu. Paa lako nitalitengeneza vizuri kuliko mtu yeyote Jinja, lakini si kwa siku moja. Siku nne. Na askari wako wasipande tena."

"Fundi ya paa ana kizunguzungu?" Meja alicheka mpaka akajishika tumbo. "Siku nne! Haya. Ikivuja, utanijua."

Tukiwa njiani kurudi nilingoja Nambozo aseme kwamba anarudi kwao. Alitembea mbele yangu hadi karibu na nyumbani.

"Kamba inafungwa wapi?" akauliza.

Hilo ndilo lililobadilisha kazi yangu, zaidi ya dawa. Mwanzoni sikuwahi kufunga kamba, hakuna fundi wa zamani aliyefunga. Tuliona ni mambo ya wageni. Sasa kamba ilitoka kiunoni kwangu na kifuani, ikapita juu ya mgongo wa paa, ikashuka upande wa pili wa nyumba, ikazungushwa mara tatu kwenye shina la mfenesi uliokuwa uani. Nambozo alisimama pale kwenye mfenesi akishika mwisho wake, analegeza nikishuka, anakaza nikipanda. Uzito ulibebwa na mti, si yeye. Ngazi niliipigilia ndoano za chuma ili ing'ang'anie mgongo wa paa na kulala juu ya vigae, mimi nikalala juu yake. Chini ya magoti niliweka gunia lililojaa maranda. Hatukuonana, paa lilikuwa katikati yetu, kwa hiyo tulikubaliana: akivuta mara moja, simama, mara mbili, shuka, bila kuuliza.

Siku ya kwanza nilisafisha upande mmoja kwa brashi kavu, nikiwa nimekaa. Siku ya pili upande mwingine. Siku ya tatu nilitoa vigae vilivyopasuka, nikabadilisha fito mbili zilizooza, nikaanza kupanga vipya nilivyovichukua kwenye bohari iliyobomoka. Meja alitoka na kikombe chake cha chai kunitazama.

"Fundi! Unatambaa kama mtoto!"

"Ndiyo, afande," nikamjibu bila kugeuza kichwa.

Siku ya nne, alasiri, nilibakisha vigae viwili. Viwili tu, nilikuwa nimeshavishika mkononi, na nafasi yake iko wazi mbele ya pua yangu. Kamba ikavutwa mara mbili.

Sikuona sababu. Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Zamani ningegeuka nikaangalia mbingu mwenyewe, nikaamua mwenyewe, nikamaliza. Sasa kugeuka nisingeweza. Nilikaa pale na vigae vyangu viwili, na nakiri nilikaa muda wa kutosha kumtukana mke wangu moyoni. Ikavutwa tena mara mbili, kwa nguvu. Nikaviweka vigae kwenye mfuko, nikatandaza kipande cha turubai kwenye tundu, nikaanza kushuka.

Mguu wangu ulipogusa majani, Meja alikuwa ameshafika.

"Vigae mbili! Umebakisha mbili tu, halafu unashuka? Panda!"

"Hapana, afande."

Nadhani hakuwa amelisikia neno hilo kwa muda mrefu. Nambozo alitokea pembeni mwa nyumba, kamba imezungushwa mkononi, viganja vimechubuka. Hakumsalimia hata. "Afande, angalia nyuma yako," akasema.

Upande wa mto mbingu ilikuwa nyeusi kabisa. Upepo ukafika, kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, na vigae vilivyokuwa juu pale nilipokuwa nimekaa vikaanza kung'aa kwa maji. Hakuna fundi ambaye angesimama pale, awe na masikio mazima au mabovu. Meja aliangalia paa lake. Kisha akakimbilia ndani, na tukamsikia akiita mtu alete sufuria ya kuweka chini ya lile tundu.

Sisi tulisimama chini ya ukingo wa paa, tumeloa, Nambozo ameshika bado kamba iliyofungwa kiunoni kwangu. Matone ya sufuria yalisikika kutoka ndani, mahali pamoja tu katika nyumba nzima.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Vikikauka. Saa nne."

Saa nne tulifika. Niliviweka vyote viwili nikiwa nimekaa.